Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Sanaa ya Posta na Maua ya Majira ya Kuchipua

Mimi hufanya sanaa ya posta kwa maua ya majira ya kuchipua, na maswali haya nimeyaokota kwenye bahasha zenyewe ninazotumiwa. Watu huyaandika pembezoni mwa kadi, chini ya stempu, hata kwenye ule ulimi wa kufungia bahasha. Mengine huulizwa na majirani wanaonikuta nimepiga magoti kwenye nyasi, mkasi mkononi. Kuyajibu moja moja kumenishinda, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Anza popote.

## Mambo ya msingi

Sanaa ya posta ni nini hasa?

Ni sanaa inayotengenezwa ili itumwe, na safari yenyewe ni sehemu ya kazi. Kadi niliyoichora, muhuri wa posta uliogongwa kombo juu ya ua, kona iliyokunjika, mstari mweusi ulioachwa na mashine ya kuchambulia barua: vyote vinahesabika. Kadi ileile ikikaa mezani kwangu haijamalizika. Inamalizika mkononi mwako, tena kwa msaada wa watu ambao hawakujua kama wanachora.

Inaweza kuwa kadi, bahasha iliyopambwa, kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja), kijitabu cha kurasa nane, muhuri wa raba, au karatasi ya "ongeza, upitishe" ambayo kila anayeipokea huweka chake na kuituma kwa mwingine. Haiuzwi. Hutolewa, na kinachorudi ni kazi ya mwenzako.

Ina tofauti gani na kuandikiana barua za kawaida?

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana, na hilo ni kweli kwa barua yoyote. Katika barua ya kawaida, bahasha ni nguo tu: unaichana, unaitupa, unasoma. Kwetu sisi bahasha huenda ndiyo barua yote. Nimewahi kupokea bahasha tupu kabisa, ila nje ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani mfano wa majani ya tulipu. Sikuhisi kama nimedhulumiwa kitu.

Nani alianzisha?

Jina linalotajwa kwanza ni Ray Johnson, msanii wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1995. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akiwatumia watu vipande vya kolaji, na mara nyingi aliwaagiza waongeze kitu kisha wapeleke kwa mtu wa tatu. Mtandao wake uliitwa New York Correspondance School. Hiyo herufi "a" aliiweka makusudi badala ya "e", ili ndani ya neno la Kiingereza la kuandikiana lichomoze "dance", yaani dansi. Mwaka 1970 jumba la sanaa la Whitney, New York, lilionyesha kazi za mtandao huo, na zilizotundikwa ni zile walizotuma wenzake.

Lakini mzizi wenyewe uko chini zaidi. Mwaka 1874 nchi 22 zilitia saini Mkataba wa Bern, ulioanzisha umoja wa posta wa dunia. Tangu hapo unalipia stempu mara moja tu, kwenu, na barua inavuka mipaka yote bila kudaiwa tena njiani. Bila makubaliano hayo makavu ya watu wa ofisini, sanaa hii isingekuwapo. Huwa nawakumbuka ninapolamba stempu, ingawa siku hizi nyingi hujibandika zenyewe.

Mbona maua ya majira ya kuchipua tu? Hayo ya kiangazi yamekukosea nini?

Hayajanikosea. Ila maua ya kiangazi huja kwa wingi na hukaa. Ya majira ya kuchipua huja yakiwa na haraka, juu ya ardhi ambayo bado ina baridi. Kwanza *Galanthus*, kile kijiua cheupe kinachoinamisha kichwa, ambacho wakati mwingine hutoboa theluji. Kisha krokasi, narsisi, primula, urujuani, hiasinti, tulipu. Kila moja lina siku zake chache, halafu basi.

Posta nayo iko hivyo. Kitu kimefungwa, kimetiwa gizani, huna habari nacho, kisha siku moja kimejitokeza. Tulipu huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 za baridi ndani ya udongo ili lichanue vizuri, na zipo barua zangu zilizochukua muda huohuo.

(Anayeniuliza kila mara kuhusu zafarani: ndiyo, hutoka kwenye krokasi, lakini ni *Crocus sativus*, ambayo huchanua majira ya majani kupukutika. Si ya msimu wangu.)

## Siku inavyokwenda

Siku nzima huwa unafanya nini?

Inategemea mwezi, na hili ndilo watu hawalitarajii. Mwaka wangu umegawanyika kama wa mkulima.

Majani yakipukutika nafukia matunguu ardhini, yale yanayofanana na vitunguu, kisha nayasahau. Wakati wa baridi ndio wakati wa kujibu watu: nachonga mihuri, nakata karatasi, nafungua lile boksi la barua zilizolimbikizana. Majira ya kuchipua yakifika sijibu mtu. Asubuhi nasubiri umande ukauke, maana ua lililochumwa likiwa na maji huoza kwenye karatasi. Kati ya saa nne na saa sita nachuma, na kabla ya saa saba kila ua liwe limeshalazwa. Likisubiri hadi jioni limejikunja, na kulinyoosha ni kama kumkunjua mtoto aliyelala. Kiangazi ndipo naunganisha: ua lililokauka, karatasi, maneno, anwani.

Kila siku, msimu wowote, naandika daftari: tarehe, nani, nini kimeingia, nini kimetoka. Mstari mmoja unatosha. Bila daftari ningekuwa nimemtumia mtu mmoja urujuani mara tatu na mwingine nimemsahau kabisa.

Kwa nini ua ulilochuma Machi linanifikia Agosti?

Soma jibu lililotangulia. Ongeza wiki tatu za kukauka, wiki za mimi kusitasita, na siku za posta. Kadi yangu inayosema "leo urujuani wa kwanza umechanua" haijawahi kumfikia mtu siku ambayo ilikuwa kweli. Zamani jambo hili lilinikera, nikawa nafuta tarehe. Sasa naiandika kwa herufi kubwa.

Lazima nitume kila siku?

Hapana. Wapo waliofanya hivyo. On Kawara, msanii kutoka Japani, tangu mwaka 1968 hadi 1979 alituma kadi posta mbili kila siku, zikiwa zimegongwa muhuri wa saa aliyoamka. Basi: saa aliyoamka. Mimi kwa wiki natuma tano au sita, na wiki ya narsisi situmi hata moja.

Unapata pesa?

La.

## Ua na karatasi

Unakaushaje maua yasigeuke uji?

Ua bapa, karatasi inayofyonza maji, uzito, na muda. Nalaza ua kati ya karatasi mbili zisizong'aa, naliweka ndani ya kitabu kikubwa, juu yake naweka vitabu vingine. Siku nne au tano za mwanzo nabadilisha karatasi, kwa sababu maji mengi hutoka siku hizo. Baada ya hapo naacha wiki mbili hadi tatu. Ukilinyanyua ua likasimama kama karatasi, tayari. Likilegea, lirudishe.

Kosa la wanaoanza ni kuchungulia kila siku. La pili ni kutumia kitabu wanachokipenda.

Maua gani hukubali, na yapi hugoma?

Urujuani, pansi, primula na *Myosotis* hukubali bila ubishi. Hilo la mwisho ni lile ua dogo la buluu ambalo lugha kadhaa hulipa jina lenye maana ya "usinisahau". Ua lenye jina hilo lilizaliwa kwa ajili ya posta, na nakiri kwamba nalitumia kupita kiasi.

Narsisi hugoma kwa sababu ya tarumbeta lake la katikati. Lipasue kwa wembe kwa urefu, ukaushe nusu mbili. Tulipu lina petali nene zilizojaa maji. Zichomoe, kausha kila moja peke yake, kisha uzipange upya kwenye karatasi. Kusema kweli petali moja ya tulipu, ikiwa na mistari yake kama ya kitambaa cha hariri, inapendeza kuliko ua zima lililobanwa.

Hiasinti usijaribu. Mwaka mmoja nilijaribu kikonyo kizima, nikaongeza uzito, nikabadilisha karatasi kila asubuhi, nikasali. Cha kuvunda hakina ubani. Kamusi niliyokibania ndani yake hadi leo inanuka kuanzia herufi M.

Rangi zitadumu?

Njano hudumu kuliko zote. Buluu na zambarau hubadilika, nyingine huwa kijivu, nyingine kahawia. Nyeupe ya *Galanthus* hugeuka kama karatasi ya zamani ya chai. Adui mkubwa ni mwanga, kwa hiyo ukiitundika kadi yangu dirishani, umeamua mwenyewe. Ndani ya bahasha, gizani, itakaa miaka.

Wapo wanaopaka vanishi. Mimi sipendi. Ua linalong'aa kama plastiki, heri lingekuwa plastiki tangu mwanzo, nami ningepumzika.

Naweza kutuma ua bila kutuma ua?

Ndiyo, na mara nyingine ndiyo njia bora (tazama swali la kuvuka mipaka hapa chini). Njia ninayoipenda ni sianotaipu. Unapaka karatasi mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma kwenye mwanga hafifu, unaacha ikauke gizani, unalaza ua juu yake, unaweka kioo, unaipeleka juani. Baada ya dakika kadhaa unaisuuza kwa maji: karatasi imekuwa buluu nzito, na pale ua lilipokuwa pamebaki kivuli cheupe. John Herschel aliivumbua mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins wa Uingereza akaanza kutoa kitabu cha mwani kilichopigwa picha kwa njia hiyo. Urujuani hutoa kivuli kizuri, lakini *Galanthus* ndilo bingwa, kwa ule mstari wa kikonyo chake kilichopinda.

Njia nyingine ni kuchonga muhuri kwenye kifutio cha raba. Kifutio kimoja, kisu kidogo chenye ncha, nusu saa, na una krokasi utakayoigonga mara mia tano. Kumbuka kwamba maandishi huchongwa kinyume. Mihuri yangu mitatu ya mwanzo inasomeka vizuri sana ukiwa na kioo.

Nimesikia narsisi ina sumu. Ni kweli?

Ni kweli. Narsisi na *Galanthus* zote ni sumu zikiliwa, hasa tunguu lake, na utomvu wa narsisi huwasha ngozi za watu wengi wanaozichuma. Mimi huvaa glavu nyembamba na sitii vidole mdomoni, jambo gumu kwa mtu anayelamba bahasha. Tumia sifongo yenye maji. Na usimtumie ua lililokauka mwenye mtoto mdogo bila kuandika ni ua gani.

## Kaunta ya posta

Ukubwa gani unafaa?

Kanuni za kimataifa huweka kipimo cha chini cha milimita 90 kwa 140, kwa hiyo vile vibahasha vya kupendeza vya ukubwa wa kiganja hubaki nyumbani. Juu ya hapo, jambo la kuangalia ni unene na ulaini. Mashine za kuchambulia barua huikunja bahasha kwenye mapipa yanayozunguka. Kitu kigumu au chenye nundu huchana bahasha, au huikwamisha. Ua lililokauka linapita vizuri likiwa limebandikwa kwenye kadi nene kidogo na kufunikwa kwa karatasi laini. Kikonyo kinene kitoe, au kipasue.

Nikiwa na kazi ambayo siitaki mashineni, naipeleka kaunta mwenyewe na kuomba kwa upole igongwe muhuri kwa mkono. Wakati mwingine hukubali. Kuna karani mmoja ambaye sasa huniuliza, "Leo nigonge wapi?" Huyo ni msanii mwenzangu.

Naweza kuchora stempu zangu mwenyewe?

Unaweza, na zina historia ndefu katika sanaa hii: stempu za nchi zisizokuwapo, zenye sura za paka, za maua, za wasanii wenyewe. Lakini ni pambo. Stempu halisi iwepo na thamani yake itimie, na ile ya kuchora iwe mbali na kona ya stempu, isije ikaonekana kama unaiibia posta. Mimi huziweka nyuma ya bahasha, chini kushoto.

Naweza kutuma maua, mbegu au matunguu nchi nyingine?

Matunguu, mbegu, udongo na maua mabichi: usitume. Nchi nyingi huvizuia visipokuwa na cheti cha afya ya mimea, na sababu ni ya maana, kwani wadudu na kuvu husafiri bila stempu. *Galanthus* za porini zina ulinzi zaidi, chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Maua yaliyokauka kabisa hutegemea nchi unayotuma. Soma kanuni zao kwanza. Palipo na shaka yoyote natuma sianotaipu au muhuri, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwenzangu mmoja aliwahi kunichomekea mbegu ndani ya kolaji, kwa nia njema. Nilizichoma, nikamtumia picha ya majivu. Tunaelewana mpaka leo.

Na chavua? Na vumbi la kumeta?

Kung'uta chavua yote kabla ya kufunga. Tangu barua zilizotiwa vijidudu vya ugonjwa wa kimeta mwaka 2001 huko Marekani, unga wowote unaomwagika kutoka kwenye bahasha unaweza kusimamisha kazi ya ofisi nzima. Vumbi la kumeta ni hivyohivyo, na zaidi ya hapo halitoki kwenye zulia.

## Kupata watu na kuwatunza

Nitawapata wapi wa kuandikiana nao?

Njia ya kawaida ni miito. Mtu hutangaza mada, anwani na tarehe ya mwisho, nawe unatuma. Kuna desturi za zamani ambazo wengi huziheshimu: hakuna ada, hakuna majaji, kila kilichotumwa huonyeshwa, kazi hazirudishwi, na kila aliyeshiriki hupata kumbukumbu ya maonyesho. Mwito unaodai pesa ya kiingilio, mimi huupita.

Njia ya pili ni kumwandikia mtu mmoja tu, vizuri. Ndiyo iliyonipa wengi.

Nimetuma, sijajibiwa. Nifanye nini?

Tuma tena baada ya miezi mitatu, bila lawama. Huenda ilipotea. Huenda naye ana wiki ya narsisi. Ikinyamaza ya pili, mwache, hatukopeshani hapa.

Sitaki kutoa anwani ya nyumbani.

Una haki. Kodi sanduku la posta. Na anwani ya mwenzako usimpe mtu mwingine wala kuianika kwenye picha. Ukipiga picha bahasha, ifunike anwani. Ua moja la ziada linatosha kwa kazi hiyo.

## Mambo ya pembezoni

Kadi yako imefika imechanika na ua halimo. Nikutumie nyingine?

Usinirudishie. Nipigie picha ya tundu. Nina daftari zima la matundu, na mengine yana umbo la ua lililotoka, kwa sababu gundi ilibaki na kuikusanya njia yote. Kivuli cha vumbi la mashine, chenye petali tano! Siwezi kuchora hivyo.

Naishi karibu na Ikweta. Sina majira ya kuchipua. Basi siwezi?

Huna majira hayo, lakini una siku chache baada ya mvua za kwanza ambapo kitu kinachanua na hakuna aliyekipanda. Kitume hicho. Mimi nina maua haya kwa sababu ndiyo yanayotoka ardhini mbele yangu. Ukinitumia tulipu ya kuchora uliyoiiga kwenye picha nitashukuru kwa adabu, kisha nitakuuliza kuna nini nje ya mlango wako.

Na anayeishi kusini mwa dunia, ambako majira ya kuchipua huanza Septemba: wewe ndiye mtu wangu. Ukituma upesi, ua lako la Septemba linanikuta nikifukia matunguu.

Kuna mtu amewahi kupata matatizo kwa sanaa hii?

Ndiyo, na makubwa. Clemente Padín wa Uruguay alikamatwa mwaka 1977 na kufungwa na utawala wa kijeshi kwa sababu ya kazi zake, naye alikuwa miongoni mwa watu muhimu wa sanaa ya posta Amerika ya Kusini. Wasanii wa nchi mbalimbali waliandika barua kudai aachiliwe. Watu wanaosema huu ni mchezo wa kubandika maua huwa nawasimulia hilo, kisha narudi kubandika maua.

Mtu mnayeandikiana akifariki, mnajuaje?

Mara nyingi hatujui. Bahasha hurudi ikiwa na alama ya kidole cha mkono kinachoonyesha nyuma, au hairudi. Daftari lina mistari kadhaa ambayo upande wa kuingia umekaa wazi muda mrefu, na sijaifunga.

Mara moja nilijua. Binti wa mama mmoja niliyeandikiana naye miaka kumi na moja alinitumia boksi lenye kadi zangu zote. Mama alizipanga kwa tarehe ya kuchumwa, siyo ya kufika, kwa hiyo Machi zote zilikuwa pamoja. Urujuani wote ulikuwa umegeuka kahawia. Njano ya primula ilikuwa kama jana. Nilikaa nazo majira yote ya baridi. Kisha nikachagua kumi, nikaandika nyuma "ongeza, upitishe", nikazitia kwenye bahasha mpya na kuzituma kwa watu kumi ambao hawakumjua. Mpaka sasa zimerudi mbili. Moja ina ua ambalo silijui jina.